Kutoka Bidiyah hadi baharini: maswali mnayoniuliza kuhusu safari ya gari mchangani, Oman

Kazi yangu ni kuongoza misafara ya magari kwenye mchanga wa Sharqiya, mashariki ya Oman, mpaka pale mchanga unapokutana na Bahari ya Arabuni. Wageni kutoka Dar, Unguja na Mombasa, na ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Uingereza, huniuliza mambo yaleyale kwa simu, wengine saa sita za usiku. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Maswali mengine yana jibu la mstari mmoja, mengine yana kisa.

Tunapita wapi hasa?

Tunatoka Muscat alfajiri, tunashika njia ya Bidbid na Ibra, na baada ya kama kilomita 220 tunafika Bidiyah. Kuna mitende, kuna nyumba, kuna fundi wa pancha, halafu ghafla kuna tuta la mchanga wa rangi ya chungwa limesimama nyuma ya ukuta wa mtu. Lami inakwisha hapo.

Kuanzia hapo ni mchanga, kama kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini na kama 80 kwa upana. Matuta ya upande wa kaskazini hufika urefu wa mita 100, na yamelala kwa mistari mirefu kufuata kaskazini na kusini. Kati ya mstari na mstari kuna bonde pana, na mabonde hayo ndiyo njia zetu. Ukifuata bonde unasafiri raha mustarehe. Ukitaka kukata kutoka magharibi kwenda mashariki, kila nusu saa una mlima wa kuvuka. Kadiri tunavyoshuka kusini matuta hupungua kimo lakini yanavurugika, hayana tena mstari, na hapo ndipo mgeni huanza kuona kwa nini anahitaji mtu wa kumtangulia.

Usiku wa kwanza tunalala mchangani. Siku ya pili tunaelekea kusini, na jioni au kesho yake asubuhi tunainusa bahari kabla ya kuiona. Tukishatembea ufukweni tunapanda barabara ya lami ya pwani, tunarudi kaskazini kupitia Al Ashkharah na Sur, hadi Muscat.

Mbona ramani nyingine zinasema Wahiba Sands?

Ni jangwa hilohilo. Wahiba ni jina la kabila la Mabedui wa huko, na Wazungu walilizoea. Jina rasmi sasa ni Rimal Al Sharqiya, mchanga wa mashariki. Waarabu wenyewe hawakosei njia kwa lolote kati ya hayo mawili.

Mchanga wote huo umetoka wapi?

Umeletwa na kusi. Ndiyo, upepo wa kusi huuhuu mnaoujua nyinyi watu wa pwani. Majahazi ya Sur yaliteremka Unguja na kaskazi, yakarudi na kusi, na ni kusi hiyo iliyoyapanga matuta haya kwa maelfu ya miaka. Sehemu ya mchanga wenyewe ilikuwa kombe na makoa yaliyosagika, yaliyopeperushwa nyakati bahari ilipokuwa imerudi nyuma mbali na ufuko wa leo. Ukichota kiganja karibu na pwani ukautazama kwenye jua, utaviona vipande vyeupe vinang'aa katikati ya ile rangi nyekundu.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu lina faida unapokuwa kwenye usukani. Tuta lina joshini na demani kama chombo. Upande wa joshini, unaopokea upepo, umelala taratibu na mchanga wake umeshindiliwa, gari linapanda. Upande wa demani ni mkali, mchanga umemwagika tu na haujakaa sawa, gari linazama. Mtu aliyewahi kukaa kwenye ngalawa akaelewa upepo unatoka wapi ananielewa kwa neno moja. Wengine inabidi niwachoree kwa kijiti.

Naendesha mwenyewe au naendeshwa?

Ziko namna mbili. Ya kwanza unakaa kiti cha abiria na dereva mwenyeji anakurusha juu ya matuta kwa saa moja au mbili, unapiga kelele, unapiga picha, unarudi kambini. Ya pili unashika usukani, gari langu liko mbele, la msaidizi wangu nyuma ya msafara, na tunazungumza kwa redio za mkononi.

Mimi napendelea ya pili. Ya kwanza ni mchezo, haina ubaya, lakini mara nyingi mtu hurudi hajui hata upepo wa tairi ulikuwa kiasi gani.

Naendesha Dar es Salaam miaka ishirini. Si inatosha?

Kwa foleni inatosha. Huku kuna mambo mawili mapya.

La kwanza liko kwenye lami: Oman wanaendesha upande wa kulia, na usukani uko kushoto. Wageni wangu kutoka Tanzania na Kenya hawakosei barabara kuu, maana magari mengine yanawaonyesha. Wanakosea wanapotoka kituo cha mafuta asubuhi na mapema, barabara tupu, usingizi bado machoni. Wanaingia kushoto kama kwao. Kwa hiyo siku ya kwanza kutoka Muscat nasema redioni kila tunapotoka kituoni: kulia, kulia. Wanacheka, lakini nasema. Na usiku hatuendi kabisa kwenye barabara za karibu na jangwa, kwa ajili ya ngamia. Ngamia ana miguu mirefu. Taa za gari zinapita chini ya tumbo lake, na ukimgonga mwili wote unaingia kupitia kioo cha mbele.

La pili ni mchanga wenyewe. Barabarani umezoea kwamba ukiogopa unakanyaga breki. Mchangani ukikanyaga breki, magurudumu yanajisukumia kilima kidogo cha mchanga mbele yake, na ukitaka kuondoka lazima uvuke kilima ulichokijenga mwenyewe. Tunaachia mafuta tu na gari linasimama lenyewe. Na unasimama pua ikitazama mteremko, ili ukiondoka mteremko ukusaidie. Mtu akishayajua hayo mawili nusu ya kazi imekwisha.

Kwa nini mnatoa upepo kwenye matairi? Si yataharibika?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ndilo safari nzima.

Barabarani tairi za gari kubwa huwa na upepo kama 35 kwa kipimo cha psi, kile cha mashine ya kituoni. Tukifika Bidiyah tunashuka hadi 15 au 18. Utaona wageni wanatazamana. Tairi linapopoteza upepo, tumbo lake linajaa, na alama inayoacha inakuwa ndefu. Siku moja nilimwambia kijana mmoja kutoka Tanga apige magoti atazame kabla na baada. Kabla, tairi lilikuwa limekaa juu ya mchanga kama kisigino cha kiatu kirefu. Baada, lilikuwa limekaa kama unyayo wa ngamia. Akasema, "Kumbe ngamia ndiye fundi." Sina maelezo bora kuliko hayo.

Gari lilelile lililokuwa likikwaruza na kuunguruma linapita kimya, injini haitoi jasho, na huna haja ya kwenda mbio. Ajali nyingi za mchangani huanzia kwa mtu asiyetoa upepo, anayejaribu kufidia kwa mwendo. Anapata mwendo, anafika kileleni kasi imemzidi, na upande wa pili hajui kuna nini.

Lakini kuna mpaka. Ukiwa umekwama sana unaweza kushuka hadi 12, ukatoka, kisha ukarudisha. Chini ya 10 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona, na kulirudisha jangwani ni kazi ya kutwa. Kwa hiyo tairi likiwa na upepo mdogo usikate kona kwa nguvu. Na kabla ya kurudi kwenye lami tunajaza tena, kila mtu, bila kubishana. Tairi lenye upepo 15 kwenye lami kwa mwendo wa 100 linachemka na kupasuka. Kwenye msafara tuna pampu mbili zinazofungwa kwenye betri. Kujaza gari moja kunachukua muda, na huo ndio muda wetu wa chai.

Tuta kubwa linapandwaje?

Kwanza unashuka, unapanda kwa miguu, unatazama upande wa pili. Ndiyo, kwa miguu, hata kama jua ni kali. Kilele kimoja kina mteremko laini nyuma yake, kingine kimekatika kama ukingo wa meza. Kutoka kwenye kiti cha dereva vinafanana.

Halafu unapanda nyoofu. Unachukua kasi chini, palipo tambarare, si katikati ya mlima. Lever inakaa H4, yaani magurudumu yote manne yanavuta kwa mwendo wa kawaida, na kile kitufe chenye picha ya gari linaloteleza unakizima, kwa sababu kompyuta ya gari inadhani mchanga ni barafu na inakata nguvu pale unapoihitaji. Ukikaribia kileleni unaanza kuachia mafuta, gari linavuka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukiona hufiki, usilazimishe: weka rivasi, rudi chini kwenye alama zako zilezile, nyoofu, jaribu tena. Hakuna anayekucheka. Hata mimi hurudi.

Kosa linaloua ni kukata kona ukiwa mlimani. Mtu anaona nguvu zinaisha, anageuza usukani ili ashuke, gari linakaa ubavu kwenye mteremko, na gari refu lenye mizigo juu ya paa halihitaji zaidi ya hapo. Ukiteremka na nyuma ya gari ikaanza kuteleza pembeni, geuza pua ielekee chini na ongeza mafuta kidogo tu, likae sawa. Mwili wako utakuambia ukanyage breki. Usiusikilize.

Saa nzuri ni asubuhi. Usiku umande unashuka, mchanga unashikana, na jua la pembeni linatupa vivuli, kila kilele unakiona. Saa sita mchana mchanga umekauka, ni mlegevu, na jua likiwa utosini jangwa lote linakuwa kama shuka moja. Unaweza kufika ukingoni usijue ni ukingo. Ndiyo maana saa hiyo sisi tuko chini ya mghafu tunakula wali.

Mghafu ni nini?

Mti. Waarabu wanauita ghaf. Mizizi yake inakwenda chini sana kutafuta maji, na upande wa mashariki wa jangwa kuna msitu mzima wa miti hii katikati ya mchanga. Mbuzi na ngamia hula majani yake, Mabedui hukaa kivulini. Hatukati tawi hata kavu. Kuni tunanunua Bidiyah.

Nikikwama?

Utakwama. Kila mtu hukwama, na safari ambayo hakuna aliyekwama wageni huilalamikia.

Ukihisi gari linazama, acha mafuta mara moja. Hii ni ngumu kwa sababu mguu unataka kukanyaga zaidi. Kila gurudumu linavyozunguka bila kwenda linachimba kaburi lake, na baada ya sekunde kumi tumbo la gari limekaa juu ya mchanga na magurudumu yananing'inia. Ukiacha mapema, mara nyingi unaweka rivasi unatoka peke yako. Ukichelewa, tunatoa sepetu. Tunachimba mbele ya magurudumu, tunaondoa mchanga chini ya tumbo, tunalaza vibao vya kukanyagia, tunapunguza upepo tena, tunaweka L4, ile gia nzito ya mwendo wa polepole, na gari linatambaa kutoka. Watu wanadhani kamba ndiyo ya kwanza. Kamba ni ya mwisho.

Na kamba ikija, kuna sheria moja ambayo nikiiona inavunjwa nasimamisha msafara wote. Kamba haifungwi kwenye kile kichwa cha duara cha kufungia trela nyuma ya gari. Kamba ya kunasulia inavutika kama mpira. Chuma kile kikikatika kinaruka kwa kasi ya risasi na kupita kwenye kioo, na watu wameshakufa hivyo katika nchi mbalimbali. Kamba inafungwa kwenye ndoano iliyoshikwa na chesisi, na watu wote wanasimama mbali, pembeni, si kwenye mstari wa kamba. Mwenye simu ya kupiga video pia.

Gari gani linafaa?

Lolote lililoinuka juu ya ardhi, lenye kuvuta magurudumu yote manne na lenye gia ya L4. Huku utaona Land Cruiser, Patrol na Hilux, sababu kila fundi anazijua na vipuri vipo hata vijijini. Gari dogo la mjini lenye umbo la jeep lakini linavuta mbele tu, liache hotelini.

Kama ni la kukodi, muulize mwenye gari swali hili kwa maneno haya: "Bima yangu inafanya kazi nikiwa mchangani na ufukweni?" Mikataba mingi ya kukodi inaiondoa bima mara unapoacha lami, na gari lililoguswa na maji ya bahari linaondolewa kabisa. Jibu lipate kwa maandishi. Leseni ya kwenu ije pamoja na ile ya kimataifa.

Mafuta tunajaza Bidiyah hadi shingoni. Mchangani gari linakunywa karibu mara mbili ya barabarani, na katikati hakuna kituo.

Ufukweni je? Hapo si tambarare, kuna ugumu gani?

Hapa ndipo watu hupoteza magari. Jangwani gari likikwama linakusubiri. Ufukweni linakwama na maji yanakuja.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii, karibu na Khaluf, kule kwenye matuta meupe yanayomwagikia baharini, niliegesha gari la wageni kwenye mchanga mgumu uliolowa, tukatandika mkeka juu kidogo, tukapika chai. Mahali pazuri, gari lilikuwa linasimama kama kwenye saruji. Nusu saa baadaye wimbi la kwanza liligusa tairi. Nikasema nimalizie kikombe. Wimbi la tatu liliporudi, nikaona mchanga unayeyuka chini ya tairi kama sukari kwenye kikombe kilekile nilichokishika, na gari likainama upande mmoja. Kila wimbi likirudi linachukua mchanga wa chini, na uzito wa gari unafanya yaliyobaki. Tulichimba kama vichaa. Aliyetuokoa ni mvuvi mwenye pikapu, mzee wa makamo, akatuvuta, akakataa hata baisa moja. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia wazee wangu walirudi kutoka Unguja. Akatikisa kichwa: "Na Unguja hakuna bahari?"

Basi mimi sasa nafuata hesabu ileile ambayo bibi yangu aliijua bila kalenda. Mwezi mpevu na mwezi mchanga ni bamvua: maji yanapwa mbali na kujaa sana. Nusu mwezi ni maji mafu. Huku tofauti kati ya kupwa na kujaa ni ndogo kuliko ya Unguja, lakini ufuko ni bapa, kwa hiyo kimo kidogo cha maji kinatembea mbali. Tunaingia ufukweni maji yakiwa yanaendelea kupwa, tunatembea kwenye ule ukanda uliolowa na kukazana, na tunatoka kabla hayajageuka. Mchanga mkavu wa juu ni mlegevu, na ule unaong'aa bado una maji. Njia iko katikati yao. Kabla ya kuingia tunajua tutatokea wapi. Na gari haliegeshwi chini ya mstari wa mwani. Chai tunakunywa juu.

Kuna na jambo la sabkha. Ukishuka kusini zaidi, kuelekea rasi ya Bar Al Hikman inayotazamana na kisiwa cha Masirah, ardhi inakuwa tambarare nyeupe, ngumu machoni. Ni ganda la chumvi juu ya tope. Fikiria tope la mikoko lililofunikwa kwa kigae chembamba. Linabeba mtu, linabeba mbuzi, halibebi tani tatu. Gari lililovunja ganda hilo hulitoi kwa sepetu. Tunafuata alama za magari ya wavuvi tu, na palipo na alama moja inayokwenda na hairudi, hatuendi.

Kuna kasa?

Wapo wengi. Ras al Jinz ni maarufu kwa kasa wa kijani wanaopanda kutaga, na unakwenda kuwatazama usiku kwa miguu pamoja na walinzi wa hifadhi. Fukwe wanazotagia kasa hatupiti kwa gari. Alama ya tairi peke yake inatosha kumshinda kasa mdogo: anaanguka kwenye mfereji wake na badala ya kwenda baharini anaufuata pembeni hadi jua linampata au kunguru. Taa za gari nazo zinampoteza mama. Kama mwongozaji wako anakuambia hakuna shida, badilisha mwongozaji.

Tuje mwezi gani?

Oktoba mwishoni hadi Machi. Desemba na Januari usiku jangwani kuna baridi ya kweli. Ndugu zangu wa Mombasa, leteni sweta, msinicheke. Kuanzia Mei ndani ya mchanga kunakuwa tanuri, joto linapita nyuzi 45, na mimi sichukui msafara kuvuka. Ajabu ni kwamba wakati huohuo kusi inapoza pwani, na Waomani wenyewe wanakimbilia Al Ashkharah kupunga upepo. Lakini bahari ya kusi ni chafu na imekasirika, hata kuogelea haifai.

Tutabeba maji kiasi gani?

Lita tano kwa mtu kwa siku ya kunywa na kupikia, halafu akiba ya siku moja zaidi ambayo haiguswi. Soda haihesabiwi.

Choo?

Kambini vipo. Njiani unachukua sepetu unazunguka tuta. Karatasi unazichoma au unarudi nazo. Usifukie, upepo utazifukua kesho na mbuzi atazila.

Nina mtoto, nina mimba, nina mgongo.

Mtoto anakuja akiwa na kiti chake cha gari na mkanda. Mwenye mimba asije kwenye matuta. Anaweza kulala kambi za ukingoni na kutazama machweo bila kutikiswa. Mwenye mgongo aniambie ukweli mapema, kuna njia za mabondeni anazoweza kupita. Anayetapika kwenye gari akae mbele, ale kidogo asubuhi, na asitazame simu.

Mabedui wakitukaribisha tufanyeje?

Mkae. Vueni viatu kwenye mkeka, salimieni kwa zamu. Tende kwanza, halafu kahawa. Pokea kikombe kwa mkono wa kulia. Ni kidogo, kama kile cha kahawa chungu ya barazani kwetu, na kitajazwa tena na tena mpaka ukitikise kidogo unapokirudisha. Hiyo ndiyo ishara ya kwamba umetosheka. Mgeni wangu mmoja hakujua, kwa adabu akanywa tisa.

Kina mama wengi wa huko huvaa barakoa ya kitambaa usoni. Usimpige picha bila kuomba, na akikataa yamekwisha. Anaposukia vitambaa na mikufu ya funguo, nunua kama umependa, usibishane bei kama uko Kariakoo.

Chakula ni cha namna gani? Ni halali?

Halali chote. Usiku tunachoma nyama kwenye makaa, na mkisikia Waomani wanaita mishkak msishangae, ni mishikaki yenu. Pwani tunanunua samaki palepale wanapopakuliwa: nguru, ambaye huku anaitwa kanad, na jodari. Mtaona pia dagaa wameanikwa ufukweni, eneo kubwa kama uwanja wa mpira. Hao ni chakula cha ngamia na mbuzi. Harufu yake inaingia kwenye gari na kukaa nalo.

Nitapata mtu wa kuongea naye Kiswahili?

Utashangaa. Ibra na vijiji vyake vilipeleka watu wengi Afrika Mashariki, hasa wa kabila la Waharthi, na wengi wa vizazi vyao walirudi Oman baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, zaidi tangu Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970. Nasimama Ibra kwa makusudi kila safari. Jumatano asubuhi kuna soko la kina mama, wauzaji wanawake na wanunuzi wanawake. Wanaume tunasubiri nje. Dada mmoja wa Tanga aliingia kununua udi, akakaa saa mbili. Nikadhani amepotea. Alikuwa ndani anabishana na bibi mmoja, kwa Kiswahili, kuhusu nazi ya kutilia pilau.

Simu inashika?

Ukingoni ndiyo. Katikati unapanda juu ya tuta unainua mkono kama unaomba mvua. Namba ya dharura ya Oman ni 9999. Mimi huacha kwa mtu wa Bidiyah njia yetu na saa tunayotarajia kutokea. Ikipita anaanza kupiga simu.

Gharama?

Inategemea kama gari ni lako au la kukodi, mko magari mangapi, na mnalala hema au kambi yenye kitanda. Sitaji bei hapa kwa sababu msimu unaibadilisha. Jueni tu kwamba rial moja ya Oman ni kama dola 2.60 za Marekani na ina baisa 1,000, kwa hiyo ukiona "rial 10" usidhani ni kidogo. Magari matatu yanayogawana mwongozaji mmoja ndiyo hesabu nzuri. Gari moja peke yake silipeleki katikati kwa bei yoyote.

Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko ya wiki. Vijana wa Bidiyah huja jioni kushindana kupanda tuta lile kubwa, injini zinalia hadi usiku. Kama mnataka kimya, njooni katikati ya wiki. Kama mnataka kuona mtu anaendesha kweli, njooni Ijumaa na mkae mbali.

Viza?

Mambo hayo hubadilika na yanategemea pasipoti yako. Tazama tovuti ya viza ya polisi wa Oman kabla ya kukata tiketi, si baada.

Nikirudi Muscat nifanye nini na gari?

Lipeleke likaoshwe siku hiyohiyo, na umwambie kijana aoshe chini kwa maji matamu, tumboni, kwenye springi na nyuma ya breki. Chumvi haionekani, na ukiichelewesha wiki moja utaiona kwa rangi ya kutu. Kagua matairi, angalia kichujio cha hewa. Ukikigonga chini kitatoa jangwa zima. Ndani ya gari usijisumbue sana. Langu limeoshwa mara ngapi sijui, na hadi leo nikiwasha kiyoyozi kwa nguvu mchanga bado unatoka matunduni, mwembamba, wa rangi ya chungwa.